Tingatinga Bila Dereva: Makala Niliyokosea

Kuna makala moja niliyoandika ambayo sipendi kukutana nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza chuo juzijuzi, gazeti limenipa ukurasa wa utamaduni, na nilikuwa na haraka ya kuonekana mkali. Mhariri akanituma Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga pale jirani na Morogoro Stores, nikaandike makala ya mwisho wa wiki. Nilikaa saa mbili. Nikaona mtu anachora twiga, wa pembeni yake anachora twiga, na wa tatu twiga pia. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba nimetoka kutembelea kiwanda. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe na nikakionea fahari wiki nzima: "Tingatinga bila dereva."

Mchezo wa maneno unauona. Tingatinga ni lile dude la kuchongea barabara, na Tingatinga ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Dereva kafa, mashine inaendelea kunguruma na kukanyaga njia ile ile. Nilidhani nimesema jambo kubwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mmoja wa wachoraji wazee kwenye maonyesho mjini. Nilijua ameisoma kabla hajafungua mdomo. Akanipa mkono, akauliza hali ya nyumbani, halafu akasema kwa upole kabisa: "Kijana, Kiswahili chako kizuri. Ila siku ile ulikaa kwetu saa mbili na hukuuliza hata swali moja."

Nilicheka kidogo, nikabadilisha mazungumzo. Lakini maneno yale hayajaniacha, na mwaka huu yamerudi kwa kishindo kwa sababu ya mpwa wangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anasomea uchoraji hapa Dar, mwaka wa pili. Asubuhi yuko darasani. Mchana, tangu mwaka jana, anakwenda Mwananyamala kwa mzee mmoja anayechorea barazani kwake. Hamlipi chochote. Anafagia, anapiga msasa, anapaka rangi ya chini, na anafundishwa. Jioni moja dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa mambo haya kwenye ukoo wetu," akasema. "Niambie ukweli. Ada ya mwaka ujao nilipe, au nimwache huko barazani? Maana naona huko ndiko anakojifunza, lakini huko hakuna cheti."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichokuwa nacho ni ile makala ya zamani, ambayo swali lake ilishalijibu kwa jeuri: barazani hakuna shule, kuna kuigana tu. Basi imenibidi niirudie, na zaidi nizirudie picha zenyewe, nizitazame kana kwamba sijawahi kuziandika.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli na milango, juu ya hadibodi. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, na mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekaa nazo akingoja wateja. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Ukihesabu, uchoraji wake wote ni miaka minne.

Miaka minne! Kuna watu wanakaa chuoni miaka minne na hawajapata mwanafunzi hata mmoja. Yeye ndani ya muda huo alikuwa ameshawakalisha kando yake Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde, wengi wao ndugu au watu wa kwao. Hakuna mtaala wala mtihani. Walikaa, wakatazama, wakapewa brashi. Alipokufa, wale wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika ambao upo mpaka leo. Mtindo wa mtu mmoja, uliodumu mikononi mwake kwa miaka minne, una zaidi ya nusu karne sasa. Kama hii si shule, basi neno shule tunalitumia vibaya.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Shuleni tulifundishwa kwamba methali hii inahusu kurithi: mtoto wa fundi haendi mbali na ufundi. Siku hizi naisoma kama maelezo ya namna ya kufundisha. Kabla hujashika nyundo unashika mivukuto. Unapuliza moto wa mwenzio. Na ukiwa pale unapuliza, macho yako yanafanya kazi nyingine: yanaona chuma kinavyobadilika rangi, kinapigwa wakati gani, kinaachwa wakati gani. Anayevukuta anasoma. Mimi nilipofika Oysterbay niliwaona wavukutaji, nikaandika kwamba hakuna anayesana.

Sasa twende kwenye picha, maana mkosoaji asiyetazama picha ni mpiga porojo tu.

Chukua kazi za Tingatinga mwenyewe. Ubao ni wa mraba, kama sentimita 60 kila upande. Katikati mnyama mmoja: chui, tembo, ndege. Amejaza ubao wote, kiasi kwamba mkia inabidi ukunjwe na shingo ipinde ili mwili utoshe. Nyuma yake rangi moja, mara nyingi tupu. Hakuna mbingu wala upeo wa macho, pengine jani moja au mawili ya kushikilia nafasi. Mistari ni minene, macho ya mnyama yanakutazama wewe. Ni picha za mtu anayesema jambo moja kwa sauti kubwa halafu ananyamaza.

Halafu chukua picha utakayoikuta leo. Mbingu zinahama taratibu kutoka njano hadi chungwa hadi nyekundu. Ndege ni makumi, wamepangana hadi rangi ya nyuma haionekani, kila unyoya nukta kwa nukta. Kuna picha za sokoni, za hospitali yenye foleni, za kijiji kizima kinachoamka, za barabara za Dar na daladala zake. Kuna Mohamed Charinda, ambaye ubao wake ni hadithi: mashetani, waganga, ndoa, visa vya kijijini, matukio ya historia. Ukizitazama kazi zake unajikuta unazisoma kutoka kona hadi kona kama unavyosoma ukurasa. Tuliokulia kwenye hadithi za bibi tunamwelewa haraka.

Swali ambalo sikuliuliza siku ile ni hili: mbingu zile zimetoka wapi? Ndege makumi wametoka wapi? Kwa mwanzilishi hawapo. Hospitali na foleni yake kwake hazipo. Kama wale walikuwa wanakopi tu, walimkopi nani? Mashine isiyo na dereva haikati kona. Hii imekata kona nyingi, na kila kona ina mtu aliyeishika usukani, ila kwa sababu hakuandika tamko la sanaa sisi wenye kalamu hatukumwona.

Niliwahi kumuuliza yule mzee wa Mwananyamala kwa nini anamchoresha mpwa wangu samaki yule yule kila siku. Alikuwa anamenya karanga. Akanijibu bila kuinua macho.

"Rangi hii haina subira na mtu, lakini inataka umfanyie subira yeye. Ukipaka juu ya ambayo haijakauka, inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Sasa huyu dogo akichora leo samaki, kesho ndege, keshokutwa twiga, kila siku atakuwa anahangaika na umbo. Rangi ataijua lini?"

Mpwa wangu akadakia: "Mjomba, samaki wa kwanza nilichukua siku nzima. Siku hizi mkono unakwenda wenyewe, mimi naangalia nafasi tu."

"Nafasi gani?"

"Ile iliyobaki. Pale ambapo samaki hayupo."

Nimeandika habari za sanaa kwa miaka kumi. Nimehudhuria semina, nimesikiliza wataalamu. Sikumbuki kama kuna aliyenieleza utunzi wa picha kwa uwazi kama yule kijana mwenye vidole vya buluu. Na hakuipata kwa kuelezwa. Aliipata kwa kurudia samaki mpaka samaki akaacha kumsumbua, ndipo akaanza kuona kilicho pembeni ya samaki. Marudio niliyoyaita kiwanda yalikuwa ndiyo darasa lenyewe.

Hapa ningeweza kumaliza, niombe radhi, tuagane. Ila nitakuwa nimedanganya upande wa pili. Upo upande ambao haukosei hata kidogo, na msemaji wake mkuu si mwandishi wa gazeti mwenye haraka bali mchoraji.

Elimo Njau ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, na mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa katika ardhi na sura za Kiafrika. Mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha Nairobi kituo cha Paa Ya Paa, mahali ambapo wachoraji na waandishi walikaa pamoja. Hata jina lake ni raha ya lugha yetu: paa, yule mnyama, anapaa. Njau ndiye aliyewaonya wasanii wa Afrika Mashariki, na onyo lake limekuwa kama methali, kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kwake yeye, mtu akikopi, ile nguvu ya kuumba iliyomo ndani yake inalala.

Nilikuwa nalitumia onyo hili kama rungu. Katika makala ile nilikuwa karibu niliweke, nikakosa nafasi. Leo nalikubali lote, ila nauliza: kunakili kwa nani? Kwa sababu ukikaa barazani siku tatu nne, unagundua kwamba pale kuna walimu wawili. Mmoja ni mzee mwenye brashi. Wa pili anakuja na gari, anasimama dakika kumi na tano, na anaondoka na picha mbili. Mwalimu wa pili ni mteja.

Mwalimu wa kwanza anakukopisha samaki ili umalizane na samaki. Mwalimu wa pili hataki umalizane naye kamwe. Alinunua pundamilia mwaka jana, rafiki yake kawapenda, amekuja kutaka pundamilia watatu wa saizi ile ile wanaotoshea kwenye sanduku la safari. Anaweka hela taslimu mkononi, leo, kwenye nyumba ambayo luku imeisha. Hakuna mhadhiri duniani anayefundisha kwa nguvu hiyo. Nadhani hapa ndipo yule Mungu wa Njau anaposinzia. Halali mwanafunzi anapomkopi fundi. Analala fundi na mwanafunzi wanapoanza kumkopi mteja, tena wasijue tarehe walipoanza.

Hilo ndilo nilichanganya. Niliona twiga watatu nikadhani ni kitu kimoja. Huenda mmoja alikuwa wa mwanafunzi anayevukuta, wa pili ni oda ya mtalii, na wa tatu ni wa mtu aliyekuwa anatafuta jambo lake ndani ya umbo la zamani, kama mshairi anavyotafuta lake ndani ya vina na mizani. Twiga watatu, sababu tatu. Ukitaka kujua nani ni nani, inabidi ukae, na inabidi uulize.

Nilikuwepo siku mteja mmoja alipokuja Mwananyamala. Alitaka simba, lakini wa zambarau, aendane na mapazia. Mzee akapokea oda, akachukua kianzio, akamkabidhi mpwa wangu rangi ya chini aipake. Hakuonyesha aibu yoyote. Mteja alipoondoka, mpwa wangu akauliza nilichokuwa nataka kuuliza mimi: "Mzee, simba wa zambarau umewahi kumwona wapi?"

"Sijawahi. Yule ni simba wa mapazia," mzee akasema. "Anatulisha wiki hii. Lakini usije ukamsaini kwa jina refu."

Halafu akanyanyuka, akaenda kwenye kona, akageuza ubao uliokuwa umeelekezwa ukutani. Ulikuwa haujaisha. Mtu amekaa juu ya jiwe, mgongo umetugeukia, na mbele yake maji meusi yasiyo na mwisho. Hakuna mnyama. Akasema anaufanyia kazi mwaka wa pili sasa, anaongeza kidogo akipata muda, na hauuzwi. Kisha akaugeuza tena ukutani.

Hapo nikaelewa kinachofundishwa na msanii anayefanya kazi, kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chochote. Kuchora mpwa wangu angeweza kujifunza kwa njia nyingine. Pale anajifunza mtu mmoja anavyoishi na simba wa mapazia na ubao wa ukutani ndani ya nyumba moja, bila mmoja kumuua mwenzake. Anaona hesabu: simba wangapi wananunua siku ngapi za kukaa na yale maji meusi. Anaona pia siku hesabu inapokataa.

Sasa upande wa chuo. Ni rahisi kuusema vibaya, na sehemu ya mabaya ni kweli. Mpwa wangu ananiambia kuna muhula walichora kwa brashi za kupeana, na kuna mwalimu ambaye wanafunzi hawajawahi kuona kazi yake yoyote. Kijana anafundishwa kuogelea na mtu ambaye hawajawahi kumwona akilowana. Lakini kabla hatujaanza kushangilia baraza na kuzomea darasa, tukumbuke historia. Makerere, shule ya sanaa iliyowatoa akina Njau, ilianzia miaka ya 1930 barazani kwa Margaret Trowell, nyumbani kwake Kampala, kabla haijawa idara yenye jengo. Sam Ntiro, Mchaga mwingine, alisoma Makerere, akaenda Slade kule London, akawa balozi wa nchi yetu Uingereza, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kote huko hakuacha kuchora watu wa vijijini wakilima na kuvuna. Elias Jengo naye alikuwa profesa na mchoraji kwa pamoja. Kwa hiyo darasa letu bora lilikuwa na msanii anayefanya kazi ndani yake. Darasa linapodhoofika ni pale anapotoka.

Na jiji hili limewahi kujaribu njia ya katikati. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972, ule ule aliokufa Tingatinga. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi. Alikuwa ameshajua kuchonga kutoka kwao kusini, lakini pale akawaona wenzake wakichora na kuchapa, akajaribu, na walinzi wakapungua mmoja. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zinajulikana Ulaya na Marekani. Nyumba ya Sanaa yenyewe leo haipo tena pale ilipokuwa. Kwa hiyo wapo wachoraji wa rika la mpwa wangu wanaolijua jina tu. Kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu mwaka 2008: makontena yaliyogeuzwa studio, msanii mzoefu na anayeanza ukuta kwa ukuta. Ukipita pale unasikia mtu anapiga nyundo, mwingine anabishana kuhusu bei, na kijana amesimama mlangoni anajifanya anasubiri mtu kumbe anatazama. Huyo wa mlangoni ndiye ninayemfikiria kila nikisikia neno elimu ya sanaa.

Ila na huku kwenye njia ya kisasa kuna mwalimu wa pili, amevaa nguo nyingine. Ni fomu ya ufadhili. Inauliza kazi yako inagusaje mazingira, vijana, jinsia. Kijana mwenye picha nzuri ya mama yake akipepeta mchele anaketi usiku kuandika kwamba picha ile inahoji mabadiliko ya tabianchi. Baada ya fomu tatu, anaanza kuchora mabadiliko ya tabianchi. Simba wa zambarau huyo, tena huyu anasainiwa kwa jina refu.

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa vitabu, na najua mnajiuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu na sisi tulikuwa na baraza letu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na magazeti yaliyofuata yaliendeleza. Kijana alituma shairi, na wakati mwingine alijibiwa hadharani, kwa shairi, na mtu aliyemzidi. Vina vyako vikiyumba uliambiwa mbele ya nchi nzima. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika kama fundi anayemweleza mwanagenzi, na kitabu hicho hicho kilikuwa na diwani yake mwenyewe: sheria hizi hapa, na kazi ya mkono wangu hii hapa, ihukumu. Leo mwandishi chipukizi wa Kiswahili anapata wapi mtu wa kumwambia "rudia huyu samaki"? Anapata "hongera mkuu" mitandaoni, halafu anapata mashindano yenye kichwa cha habari kilichochaguliwa na mtoa zawadi. Walimu wa pili tunao wengi. Wa kwanza ndio wamepotea. Nami mkosoaji, ninayepaswa kusimama mlangoni nitazame, nilikaa saa mbili nikaondoka na kichwa cha habari.

Lakini baraza lina kasoro ambayo hatuisemi tukiwa tunalisifia, na ndiyo iliyonifanya nisimjibu dada haraka. Barazani unaingiaje? Kwa wanafunzi wa Tingatinga, mlango ulikuwa undugu na Tunduru. Kwa mpwa wangu mlango ulikuwa jirani yetu aliyemjua mzee. Asiye na ndugu wala jirani anabaki nje. Na msichana? Kwenye uchoraji huu wanawake wapo, ila ni wachache mno ukilinganisha na wanaume, na ukifikiri kidogo hushangai. Ni mzazi gani wa hapa mjini anayemruhusu binti wa miaka ishirini ashinde kutwa barazani kwa mzee asiye ndugu, bila ada, bila cheti, bila jina la mahali anapokwenda? Darasani kwa mpwa wangu wasichana wapo. Walijaza fomu wakaingia. Fomu, pamoja na uchovu wake wote, haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Halafu kuna jambo la pili. Mzee anajua samaki, rangi na wateja. Hajui, na hajawahi kudai kujua, kwamba kuna mtu aliitwa Ntiro, wala kwamba Lilanga alianza na funguo za lango. Mpwa wangu alivijua vitu hivyo darasani, na akaja kumsimulia mzee, jioni, wakati wanaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nilimwona mzee akisikiliza kesi ya Lilanga kama anasikiliza habari za ndugu aliyepotea. Akauliza mara mbili: "Mlinzi? Mlinzi kabisa?" Siku hiyo mwanafunzi ndiye aliyemletea fundi kitu, na alikileta kutoka kule tunakokuzomea.

Dada nilimpigia Jumapili. Nikamwambia alipe ada. Akanyamaza, nadhani alitegemea niseme kinyume. Nikamwambia pia asimtoe barazani, na kwamba akimwona karudi jioni na rangi kucha zote asimuulize amepata shilingi ngapi, kwa sababu swali hilo ana watu wengi wa kumuuliza. "Sasa cheti atapata chuoni," akasema, "na huko kwa mzee atapata nini?" Nikamjibu kwamba sijui kama kina jina. Nikamsimulia ule ubao ulioelekezwa ukutani.

Kuhusu makala yangu, haiwezi kufutwa. Iko kwenye maktaba, na kuna mwanafunzi ataikuta siku moja aitumie kwenye insha yake. Nilichoweza ni kurudi Oysterbay, safari hii siku nzima, bila mhariri. Yule mzee aliyenisema sikumkuta. Nilikaa na kijana aliyekuwa anachora twiga, na kabla sijatoa daftari nikamuuliza twiga yule ni wa nani.

"Wa kujifunzia," akasema. "Wangu uko kule ndani, bado haujakauka."